Masizi ya Bibi Khoo

Rehema ameniambia niandike kwa Kiswahili, kwa kuwa walioomba ni vijana wa chumba cha kuhifadhi picha kule Unguja. Wale wa hapa London watatafutiwa wa kuwafasiria. Rehema mwenyewe, mwenye kuniagiza hivyo, huniamkia kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kiingereza, maana amezaliwa Woolwich kwa wazazi wa Tanga. Nimefanya kazi naye miaka sita, na kabla yake nimefanya miaka thelathini na kitu bila yeye, yote katika kazi moja: kusafisha, kushona na kuziba picha za rangi za mafuta zilizochoka. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuwa cha kutia saini karatasi za likizo za wenzangu. Mshahara nao haukupata kuninyima usingizi, wala kwa furaha wala kwa huzuni.

Mambo ya kuondoka Unguja baada ya Mapinduzi, kukaa Dar es Salaam kwa shangazi, kisha kuja huku mimi na mama yangu, yamekwisha kuandikwa na watu wengi, na wengi wao wana hasira nzuri kuliko yangu. Mimi naanzia Kilburn, tulikopanga vyumba viwili. Mwisho wa barabara yetu palikuwa na duka la ndoo na fagio, na siku moja dirishani mwake nikaona kadi: anatakiwa mtu mwenye mkono uliotulia, ulizia juu. Nilipanda kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na ngazi zilikuwa karibu.

Juu nilimkuta Bwana Hallam, mzee mwembamba aliyevaa sweta lililotoboka viwiko. Hakuniuliza jina. Alinipa kioo cha kukuzia, sindano iliyopinda, na kipande cha kanvasi, yaani kile kitambaa kizito kinachowambwa kwenye fremu ili kichorwe. Kilikuwa kimechanika urefu wa kidole. "Unganisha uzi kwa uzi," akasema, "halafu tutazungumza." Mimi nimeshona kofia za viua tangu nina miaka saba, barazani kwa bibi yangu, mtaa wa Vuga, na vitobo vya kofia ni vidogo kuliko nafasi za kanvasi yoyote. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimeunganisha upana wa ukucha. Akaja na kioo chake, akatazama sana.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu."

"Alikuwa fundi wa picha?"

"Hajapata kuiona picha ya mafuta maishani mwake."

Akasema nije Jumatatu. Ndipo akaniuliza jina, na akaliandika vibaya, na hivyo ndivyo lilivyobaki katika karatasi za karakana kwa miaka miwili.

Miezi mitatu ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa upande wenye rangi. Nilifanya kazi ya migongo: kutoa vumbi, kung'oa misumari yenye kutu, kulainisha gundi ya zamani na kuiparuza kwa kisu cha daktari wa upasuaji. Nyinyi mnaoanza mtaliona jambo hili ni dharau. Si dharau. Aliyekaa na mgongo wa picha miezi mitatu hujua imelazwa wapi, imeanguka lini na nani aliwahi kuidanganya. Jambo la pili: pamba zungusheni wenyewe. Chukueni kijiti cha mwanzi na pamba kidogo, mkivingirishe mpaka kiwe laini kama ncha ya ulimi. Vile vya dukani vina kichwa kigumu, na kichwa kigumu hukwangua. Na la tatu, ambalo vitabu vya kazi hulitaja kwa aibu, ni kwamba dawa ya kwanza ya kusafishia picha ya mafuta ni mate. Yana vuguvugu lake na nguvu yake ndogo, hayana haraka, na hayaishi dukani. Unakilowesha kijiti mdomoni, unakizungusha juu ya rangi mahali pa ukubwa wa ukucha, unakiweka pembeni, unachukua kipya. Hurudishi kijiti kilichotumika mdomoni. Nimewahi kumwona mtu akirudisha, na siku mbili zilizofuata hakuja kazini.

Nilipomweleza mama yangu, aliacha kupeta mchele.

"Zuhura mwanangu. Tumevuka bahari yote hii, unakwenda kuzitemea mate picha za watu?"

"Sizitemei, mama. Nazipangusa."

"Na wenyewe wanajua?"

"Wanajua."

"Basi Wazungu wana subira."

Kanuni nyingine ya Bwana Hallam ilikuwa juu ya vijiti hivyo hivyo. Kilichokwisha kutumika hakitupwi. Kinalazwa kwenye trei kwa mpangilio wa matumizi, cha kwanza kushoto, na trei hukaa mpaka picha itoke mlangoni. Alisema picha inaweza kukaa kimya lakini pamba hazikai kimya. Niliiona ni kazi ya bure, maana trei zilijaa meza.

Mwaka wa pili alikuja mtu na picha ya babu yake, nahodha wa meli, ambayo mkewe alikuwa ameisafisha kwa kiazi kibichi. Pua haikuwepo. Yule bwana akaomba tumrudishie babu yake pua. Bwana Hallam akamuuliza, "Pua ya nani?" Bwana yule hakuelewa. Tukaziba pale kwa rangi ya kimya inayofanana na ngozi, bila kuchora kitu, na nahodha akaenda zake akiwa na wingu usoni. Nikauliza kwa nini tusimchoree pua ya kawaida tu. Akasema kazi yetu ni kuzuia picha isife, si kuipa maneno ambayo haikuyasema. Nililiandika lile katika daftari langu na kulipigia mstari, kama wanafunzi wanavyofanya na jambo watakaloshindwa nalo.

Bibi Khoo aliingia katika mwaka wangu wa tatu. Alizaliwa Penang, akaja huku kusomea uuguzi, akazalisha wanawake wa London miaka ishirini na mitano, na siku zake za mapumziko alichora. Aliishi Harrow katika nyumba ya pacha. Majirani wa upande wa pili wa ukuta walikuwa Wahindi waliotoka Kampala, wakimpelekea chapati na achari ya ndimu, naye akiwapimia watoto wao homa. Chumba chake cha mbele hakikuwa na kiti hata kimoja. Kanvasi ililazwa sakafuni, naye akaizunguka kwa soksi.

Nilikwenda na Bwana Hallam kuichukua picha, na nikapata kuona jinsi Bibi Khoo anavyofanya kazi. Baba yake alikuwa mwandishi wa herufi za Kichina kwa brashi, akamfundisha angali mdogo. Rangi za mafuta alijifunza huku, katika darasa la jioni, kwa mwalimu aliyemwambia achague moja. Hakuchagua. Alikuwa na wino mkavu, kipande cheusi kama mche mdogo wa sabuni, uliofanywa kwa masizi ya msonobari na gundi ya ngozi. Huusaga kwa maji juu ya jiwe, taratibu, kwa kuzungusha. Wino ule aliumwaga na kuuburura kwa brashi pana juu ya kanvasi tupu, akauacha unywewe na ukauke, kisha akaweka mafuta juu yake, membamba, mengine akiyakwangua kwa kisu ili wino uchungulie. Hakuna mtu wala mti katika picha zake. Ile tuliyoifuata ilikuwa pana kuliko kitanda cha watu wawili, nyeusi na rangi ya udongo wa manjano, na upande mmoja ulikuwa kama unashuka. Nilimuuliza kama ni mlima.

"Ni nusu saa," akasema.

Sikujua nicheke au niandike. Niliandika. Alitueleza kuwa wino hutangulia na mafuta hufuata. Hakusema kwamba mwishoni wino hurudi, na mimi sikuuliza.

Picha ile ilikuwa imekaa miaka minane ukumbini kwa rafiki yake, juu ya moto wa makaa, nyumba yenye wavuta sigara watatu. Sasa chumba kimoja cha maonyesho kilikuwa kimekubali kuonyesha kazi zake peke yake, kwa mara ya kwanza, na hii ndiyo ingekaa ukuta wa katikati. Tena hapakuwa na nyingine ya ukubwa ule na haingekuwapo. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia vidoleni. Viungo vimevimba, kidole gumba cha kulia hakikunjiki. Alitumiminia chai kwa mikono miwili. Alisema mara moja tu, bila ya kutaka huruma, kwamba kwa picha kubwa alikuwa amekwisha.

Nilianza kuisafisha mwisho wa Shaabani. Nilifanya jaribio pembeni, juu kushoto, kwa mate, na pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi: moshi na sigara. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani, na mwaka ule uliangukia kiangazi, ambapo jua la London halina adabu; tulikuwa tukifuturu saa tatu na nusu usiku. Bwana Hallam alikuwa amekwenda siku mbili kwa mteja wa mashambani. Ilipofika saa sita mchana kinywa changu kilikuwa kama karatasi. Juu ya hilo nilikuwa na wasiwasi: kijiti kinaingia mdomoni, pamba ina ladha yake, nyuzi zinakatika, nikimeza je? Sikumuuliza mwalimu yeyote wa dini. Nilijihukumia mwenyewe moyoni mwangu, nikaona salama ni kuacha mate, nikatia maji ya vuguvugu katika bakuli na tone la sabuni laini.

Mnaliona kosa? Nilibadilisha dawa na sikufanya jaribio jipya. Tena mate yanakubana, kinywa kina kiasi chake, lakini bakuli halina kiasi. Nilizungusha pamba kubwa zaidi na nikaenda mbio. Nilipofika pembe ya chini kulia, pamba zikaanza kutoka nyeusi tititi, moja baada ya nyingine, na chini yake ikafunguka rangi ya udongo iliyong'aa. Nilifurahi. Lazima niliseme hilo. Nilijiona fundi. Hadi alasiri nilikuwa nimefungua eneo la ukubwa wa msala.

Bwana Hallam aliporudi alisimama mbele ya picha na koti lake mkononi. "Vizuri sana," akasema. "Imefumbua macho." Katika miaka mitatu hakuwahi kunisifu, na nilikwenda nayo sifa ile nyumbani, nikamsimulia mama wakati wa futari, hata uji ukapoa.

Asubuhi yake nilikuwa napanga trei. Pamba zilikuwa zimekauka. Zile za kahawia zilinuka sigara na zilikuwa na mafuta mafuta. Zile nyeusi hazikuwa na mafuta. Weusi wake ulikuwa mwingine, wa baridi, unaoelekea buluu. Nikailowesha moja kwa kidole, ikatiririka, na ikatoa harufu hafifu ya kafuri. Kwetu sisi kafuri ni harufu ya maiti anayeoshwa. Nilikuwa nimeinusa katika chumba cha Bibi Khoo, ikitoka kwenye jiwe lake la wino, nami nikaistaajabia. Sasa nilisimama na kijiti kile mkononi. Masizi ya moto wa makaa na masizi ya msonobari, kwa jicho la mtu mwenye njaa na haraka, ni kitu kimoja. Sikuwa nimetoa uchafu. Nilikuwa nimetoa wino wake wa mwisho, ule wa juu ya mafuta, na haukuwa na mahali pa kurudi ila kwenye pamba zangu.

Siku tatu sikusema. Karatasi zangu za kukaa nchini zilitegemea kazi ile, na mama alinitegemea mimi. Picha ilikuwa inapendeza. Mwalimu wangu ameiona na ameisifu. Nilijiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia, na mengine nikayatunga. Siku ya tatu mama alinitazama nikizungusha kijiko katika bakuli.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Mficha uchi hazai, Zuhura."

Nikamwambia yote. Akasema, "Umemfutia mtu kazi ya mikono yake, nawe umekaa umefunga? Saumu gani hiyo? Kula kwanza. Kesho ukaseme."

Bwana Hallam nilimwambia asubuhi, kabla hajavua koti. Alilowesha kidole, akagusa pamba, akakitazama kidole. Akakaa. "Nimekusifu," akasema, na nikaona hilo ndilo lililomuuma. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasema Bibi Khoo ana picha ya kamera ya kazi ile. Tunaweza kuiazima kwa kisingizio chochote, na yeye Hallam kwa siku moja anaweza kupaka kijivu kama kilivyokuwa. Hakuna atakayejua.

"Na pua ya nahodha?" nikamuuliza.

Aliinuka kitini. Halafu akachukua funguo za gari.

Tuliipeleka picha Harrow. Bibi Khoo alivaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye pembe ile.

"Umeondoa pumzi," akasema.

"Naam."

"Ulidhani ni moshi?"

"Nilidhani ni masizi."

"Ni masizi." Akavua miwani. "Nilikaa miezi miwili naitazama picha hii imekamilika lakini haipumui. Asubuhi moja nikapaka pale mara moja tu, mkono mmoja, nikaacha. Ndiyo iliyokuwa picha. Iliyobaki ilikuwa matayarisho."

Nilianza kulia. Nilikuwa mtu mzima, tena kazini, na nililia.

"Usiinamie," akaniambia. "Utaitia chumvi."

Bwana Hallam akaeleza kuwa kosa ni la karakana, na kwamba yeye yu tayari kupaka, kwa ruhusa yake, kwa kufuata picha ya kamera. Bibi Khoo akakataa. Akaniambia mimi niende jikoni nilete maji kidogo katika kikombe, maana vidole vyake havikuweza tena kushika mche wa wino. Nikakaa sakafuni, nikasaga. Alinitaka nisage bila kukandamiza, kwa duara, na kila nilipodhani umetosha alisema bado. Nilisaga karibu saa nzima. Bwana Hallam alisimama mlangoni na kofia yake.

Kisha Bibi Khoo akapiga magoti, na lilikuwa jambo refu, goti moja baada ya jingine. Akashika brashi pana kwa mikono miwili, kama alivyoshika birika la chai. Akavuta pumzi akaitelemsha. Wino ulikuwa mwepesi, kijivu. Ukatetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukingo uliokuwa umenyooka sasa ukaenda kama mshono wa mtoto anayejifunza cherehani. Hakurudia. Alikaa pale chini akautazama hata ukakauka, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumsaidia ainuke.

"Ndio mkono nilio nao," akasema.

Ilikwenda kwenye maonyesho hivyo hivyo, ukuta wa katikati. Baada ya hapo alichora vitu vidogo tu kwenye karatasi, na mwisho hata hivyo akaacha. Ule mstari unaotetemeka ndio wino wake wa mwisho juu ya kanvasi.

Siku tuliyorudi karakana, Bwana Hallam aliniamuru niandike ripoti ya picha kwa ajili ya jalada. Nikamuuliza niandike nini. "Andika: uchafu wa juu umeondolewa," akasema. "Basi. Wenye bima wakisoma zaidi ya hapo, mimi sina karakana na wewe huna karatasi." Alikuwa ananilinda, na alikuwa anajilinda, na vyote viwili ni kweli. Niliandika sentensi ile moja, nikatia saini na tarehe. Nilipoweka kalamu chini niliona nafuu kubwa, na sijaisahau.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tu. Bwana Hallam alistaafu, akafa akiwa amelala, akaniachia kisu chake na majalada yote. Karakana ilihamia jengo kubwa zaidi na kuchanganywa na nyingine, ikapata mashine ya kunyonya hewa na fomu za usalama. Mate sasa tunaagiza ya maabara katika chupa, na hayashindi ya kinywani. Mama alizikwa huku. Bibi Khoo alifariki baadaye, mzee sana, na picha ile kubwa ikanunuliwa na jumba moja la makumbusho.

Ikarudi mezani kwetu majira ya baridi yaliyopita, kabla haijasafirishwa kwenda kuonyeshwa nchi nyingine. Nilikuwa likizo wiki nzima, nikipanga mambo ya kustaafu, na kazi akapewa Rehema. Rehema ni makini kuliko nilivyokuwa mimi. Alipiga picha kwa taa za kila namna, akasoma jalada, akaandika kwa familia ya marehemu akaletewa albamu. Nikarudi Jumatano nikamkuta amevaa miwani ya kukuza, trei tupu pembeni yake, pamba mkononi, mbele ya ile pembe ya chini kulia.

"Unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, Auntie. Natoa hii overpaint. Owners wame-approve tayari." Akanisogezea picha ya kamera. "Tazama hii ya zamani, ukingo umenyooka kabisa. Sasa angalia huu. Unayumba. It's somebody's repair, and not a good one. Mkono wa mtu mwingine."

"Ni mkono wake."

"How do you know? Faili haina kitu, Auntie. 'Uchafu wa juu umeondolewa,' that's it. Na ni wewe umesaini."

"Najua kwa sababu wino ule niliusaga mie."

Rehema aliiweka pamba chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa ameshika kitu cha moto. Nikamweleza, nimesimama, yote mpaka mwisho. Nilipomaliza alinionyesha kwa kidole. Alikuwa amekwisha fanya jaribio, katikati ya mstari, ukubwa wa punje ya choroko. Pamba yake ilikuwa nyeusi.

"I did that," akasema. Macho yalimjaa machozi.

"Hukufanya weye. Hilo nimelifanya mie, zamani."

Nilichukua jalada, nikaongeza ukurasa. Niliandika kuwa katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka ule nilifuta wino wa mwisho wa mchoraji kwa kutojua, kwamba mchoraji mwenyewe aliupaka tena kwa mikono yake yenye maradhi, kwamba ukingo unaotetemeka ni wake na usiguswe na mtu, na kwamba tundu dogo lililo katikati limetokana na ripoti yangu. Nikatia saini kwa jina langu lote. Rehema akausoma mara mbili, akaupiga muhuri, na kuwaandikia wenye picha.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nafuta meza. Yeye alikuwa amesimama mbele ya kabati la majalada, safu nne kutoka sakafuni hadi juu, miaka yangu yote, akisoma migongo yake.

"Na haya mengine, Auntie?"

Alikuwa hanishambulii. Aliuliza kama anavyouliza kila kitu, kwa sababu alitaka kujua. Nikafungua mdomo nimjibu kwamba lilikuwa hilo moja tu.

Nimestaafu tangu masika. Jumanne na Alhamisi napanda treni, Rehema ananifungulia kabati, nami nakaa kusoma maandishi yangu mwenyewe kuanzia mwaka wa kwanza. Sentensi fupi ndizo ninazozisoma mara mbili. Nimefika mwaka wa tisa. Majalada manne nimeyaongezea kurasa. La tano nilikaa nalo Jumanne yote, kalamu mkononi, na jioni nikalirudisha kabatini kama lilivyokuwa.